Kununua Leaf NISMO iliyotembea sana, haina kumbukumbu za sevisi: mwongozo kwa mnunuzi wa Dodoma

Gari la petroli likikosa daftari la sevisi, mnunuzi ana haki ya kuogopa: hajui oili ilimwagwa lini, hajui kama injini iliwahi kuchemka. Gari la umeme halina oili ya injini, halina plagi wala mkanda wa taiming. Lina kitu kimoja kinachoweza kukumaliza kifedha, nacho ni betri kubwa iliyo chini ya sakafu. Kumbukumbu za betri hiyo haziandikwi daftarini. Zinakaa ndani ya kompyuta yake, na hakuna anayeweza kukwambia zilisahaulika Japani. Kwa hiyo kazi yako ni kuzisoma kabla hujataja bei.

Hapa tunazungumzia Nissan Leaf ya umbo la pili, ile ya uniti 40, hasa toleo la NISMO lililotoka Japani Julai 2018. Ni gari la umeme la kimichezo lenye usukani wa kulia. Hatua zilezile zinafaa kwa Leaf ya kawaida, hata za zamani zenye betri ya uniti 24 au 30; namba ndizo zinabadilika. Tukisema uniti tunamaanisha kWh, zilezile za LUKU. Tesla hatuigusi, kwa kuwa betri yake inapozwa kwa maji na inasomwa kwa njia nyingine.

NISMO ni nini, na si nini

Mota ni ileile ya Leaf ya kawaida: kilowati 110, torki Nm 320. Kilichobadilishwa ni springi na shokomzoba, usukani, jinsi kompyuta inavyoitikia mguu wako, bampa, na rimu za inchi 18 zenye tairi 225/45. Tairi hizo pana zinakula umeme: kwa kipimo cha Japani cha wakati huo, Leaf ya kawaida ilipewa kilomita 400 kwa chaji moja na NISMO 350. Vyote viwili ni vipimo vya maabara, usivibebe kichwani kwenda navyo barabarani.

Muuzaji akiongeza mamilioni kwa jina la NISMO, hakikisha si bampa na stika tu. Tazama usukani wenye alama nyekundu juu katikati, viti vyenye nakshi nyekundu, na saizi ya tairi. Kisha jiulize kama unazitaka tairi hizo kweli. Ukuta wake ni mwembamba, na shimo moja la barabara ya vumbi ya Nkuhungu au Ntyuka linaweza kupinda rimu. Anayeishi mtaa usio na lami afadhali achukue Leaf ya kawaida yenye rimu za inchi 16 au 17.

Kabla hujatoka nyumbani

Omba picha ya namba ya chesisi. Leaf za mwanzo zinaanza na ZE0, zilizofuata kuanzia mwishoni mwa 2012 AZE0, na umbo la pili lililoanza Oktoba 2017 ni ZE1. Muuzaji anayekutangazia "Leaf mpya ya 2018" huku chesisi inasoma AZE0 amekwisha jibu maswali yako yote. Kwa namba hiyohiyo unaweza kutafutiwa karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha kilomita siku gari lilipouzwa na maksi za bodi.

Mwambie muuzaji alichaji gari hadi asilimia 90 au zaidi, utakuja kulitembeza zaidi ya saa moja. Akikataa, au akisema "we njoo tu, chaji ipo ya kutosha", usipoteze nauli.

Beba vitu hivi: simu yenye programu ya LeafSpy Pro inayosoma kompyuta ya betri (ni ya kulipia), kidude cha OBD cha bluetooth kinachoelewana nayo (hicho huchomekwa kwenye gari na kuipelekea simu taarifa za kompyuta), tochi, mkeka wa kulalia chini ya gari, mita ya umeme ya fundi, na waya wa kuchajia kama unaweza kuuazima. Kuhusu kidude cha OBD kuwa makini. Vile vya bei ya chini kabisa vinavyouzwa Kariakoo vinaweza kuunganisha na kuonyesha namba chache halafu vikaganda. Kijaribu kwanza kwenye Leaf ya mtu mwingine.

Betri ndogo kwanza

Leaf ina betri mbili. Ile ya volti 12 chini ya boneti ni kama ya gari lolote, nayo ndiyo inayoamsha kompyuta zote. Ikichoka, gari linaweza kuwasha taa za hitilafu kama mti wa Krismasi na kugoma kuingia kwenye READY, yaani hali ya kuwa tayari kutembea, hata kama betri kubwa imejaa. Pima kabla gari halijawashwa: volti 12.5 kwenda juu ni nzuri, chini ya 12.2 ina njaa au imekwisha. Betri mbovu ya volti 12 ni sababu ya kupunguza bei, si ya kukimbia. Lakini ibadilishwe kabla hujaamini taa yoyote ya dashibodi, maana umeme ukiwa dhaifu kompyuta zinasingizia vitu vizima.

Kuisoma betri kubwa

Upande wa kulia wa kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vijistari vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji, vinaonyesha afya. Cha kwanza hupotea betri ikishuka hadi asilimia 85 hivi ya uwezo wake wa kiwandani, kisha kila kimoja ni takriban asilimia 6. Gari lenye vijistari 9 limebaki na kama theluthi mbili. Vijistari ni vya kuangalia ukiwa mlangoni tu, maana pengo la kile cha kwanza ni kubwa mno: betri ya asilimia 99 na ya asilimia 86 zote zinaonyesha 12.

Chomeka kidude chini ya usukani, washa gari, fungua LeafSpy, na piga picha kila ukurasa. Namba za kuangalia ni hizi.

AHr ni ujazo halisi ambao kompyuta ya betri inauamini. Betri ya 40 ikiwa mpya husoma kama 115, ya 24 kama 65, ya 30 kama 80. SOH ni ujazo huohuo kwa asilimia. Gari la 40 la mwaka 2018 lenye SOH ya 80 hadi 85 ni la kawaida kabisa. Chini ya 75, bei ianguke sana. Hx inahusiana na ukinzani wa ndani ya betri, na kadiri ilivyo juu ndivyo bora.

Halafu kuna idadi ya chaji: QC ni za haraka, L1/L2 ni za taratibu. Usishtuke ukikuta QC elfu moja na zaidi. Nissan Japani ilikuwa na mpango wa kulipa ada ya mwezi na kuchaji haraka upendavyo, na watu waliutumia. Namba hizi zina kazi nyingine, ya kupimia uongo wa kilomita. Tuseme dashibodi inasoma kilomita 58,000, QC ni 1,450 na za taratibu 900. Jumla ni chaji 2,350, yaani kilomita 25 tu kwa kila chaji. Inawezekana mwenyewe alikuwa mtu wa kuongeza kidogokidogo. Inawezekana pia dashibodi si ya gari hili. Hapo rudi kwenye karatasi ya mnada.

Ukurasa muhimu kuliko yote una nguzo 96. Ndani ya betri kuna seli 192 zilizofungwa mbilimbili, na kila nguzo ni jozi moja. Gari likiwa limesimama na chaji iko juu, tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini isizidi milivolti 20 hadi 30. Andika namba ya jozi iliyo chini kabisa, kwa sababu utaitafuta tena ukiwa barabarani.

Kilomita 70 zisizodanganyika

Kwa Leaf, hasa za zamani, kuna mchezo unaochezwa: kompyuta ya betri inarudishwa mwanzo kwa kifaa, vijistari vyote 12 vinarudi, SOH inasoma kama mpya. Baada ya wiki kadhaa za kutembea namba zinashuka hadi ukweli wake, na wewe umekwisha lipa. LeafSpy peke yake haiwezi kukulinda hapo. Kinachokulinda ni barabara.

Toka mjini na barabara ya Morogoro, pita Mtumba hadi Chamwino, geuza urudi. Ni kama kilomita 70 kwenda na kurudi, lami nzuri, na kuna vilima vya kutosha. Weka trip kwenye sifuri, futa wastani wa matumizi, andika asilimia ya chaji. Endesha kilomita 80 kwa saa, kiyoyozi kikiwaka kama utakavyokitumia siku zote.

Ukirudi piga hesabu. Mfano: umetembea kilomita 70, dashibodi inasema wastani ni kilomita 6.4 kwa uniti, chaji imeshuka kutoka 94 hadi 57. Gawa 70 kwa 6.4, umetumia uniti 10.9. Asilimia ulizotumia ni 37. Gawa 10.9 kwa 0.37, unapata uniti 29.6 kwa betri nzima. Betri mpya ya 40 hutoa kama 37 zinazotumika, kwa hiyo hii imebaki na asilimia 80. Kama SOH ilikwambia 81, gari linasema kweli. Kama ilikwambia 97, mshukuru muuzaji kwa chai na uondoke.

Ukiwa njiani, mwenzako akae na simu kwenye ukurasa wa nguzo. Kwenye kilima kanyaga hadi mwisho kwa sekunde tano. Nguzo zote zitashuka, hilo ni sawa. Tatizo ni moja inayozama peke yake milivolti 100 au 200 chini ya wenzake, hasa kama ni ileile uliyoiandika. Jozi moja dhaifu inaiangusha betri nzima, kwa sababu zimefungwa kwa mfuatano na kompyuta inakata nguvu pale yule mnyonge anapofika chini. Ndipo unapoona picha ya kobe kwenye dashibodi na gari linatambaa huku chaji ikidai bado ipo asilimia 20. Ukiweza, rudia kipimo chaji ikiwa chini ya 30, kwani seli mbovu hujificha betri ikiwa imejaa.

Funga vioo usikilize pia. Gari halina mlio wa injini wa kuficha mambo: mngurumo unaopanda na mwendo ni beringi ya gurudumu, na "kata-kata" ukikata kona ni siviijointi. Mvumo mwembamba wa mota ni wa kawaida.

Kwa nini kilomita nyingi si dhambi

Betri huzeeka kwa njia mbili: kwa kutumika, na kwa kukaa tu. Kukaa ikiwa imejaa chaji kwenye joto ndiko kubaya zaidi. Leaf haina maji wala feni ya kupoza betri, inategemea upepo wa nje. Ndiyo maana gari lililotembea kilomita 120,000 sehemu ya baridi kama Hokkaido linaweza kulishinda la kilomita 50,000 lililoshinda juani Okinawa kila siku likiwa kwenye 100. Ukikuta stika ya muuzaji wa Hokkaido kwenye kioo cha nyuma, tabasamu, halafu lala chini uangalie kutu, kwa kuwa huko wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji.

Na ukiwa huko chini, tazama bati la betri lote kwa tochi. Liko kama sentimita 15 kutoka ardhini. Mikwaruzo inasameheka. Bonde lililoingia ndani, nyufa au boliti zilizokatika hazisameheki. Tafuta pia mstari wa matope ndani ya milango na chini ya kapeti. Gari la umeme lililozama usilinunue kwa bei yoyote. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, wala usimruhusu fundi wa gereji "aangalie kidogo". Zina volti zaidi ya 350, na haziui kwa mzaha.

Kuchaji: jaribu ukiwa hapohapo

Leaf ya Japani ina matundu mawili puani. Dogo la pini tano ni la chaji ya taratibu, aina ya kwanza. Vituo vingi vipya vina aina ya pili yenye pini saba, kwa hiyo utahitaji adapta. Kubwa ni CHAdeMO la chaji ya haraka. Mwaka 2024 Nissan iliwaonya wenye Leaf za 2019 na 2020 Marekani wasitumie chaji ya haraka kwa hofu ya betri kupata joto kupita kiasi, kwa hiyo kwa Dodoma lihesabu gari hili kuwa la kuchajiwa nyumbani usiku. Ukiambiwa njiani kuna chaja, nenda ukaione ikifanya kazi kabla hujalipa.

Chomeka kwa angalau nusu saa, kisha shika plagi: ya vuguvugu ni sawa, ya kuunguza si sawa. Gari likikataa kuchaji, kabla hujalilaumu tafuta kitufe chenye alama ya saa karibu na usukani. Mmiliki wa Japani aliacha taima ya kuchaji usiku, na usiku wake si wa kwetu. Magari mangapi yameitwa mabovu kwa sababu ya kitufe hicho! Soma pia kibandiko kwenye waya. Waya wa Kijapani umetengenezwa kwa volti 200 na plagi ya kwao. Nunua wa volti 230 wenye kichwa cha pini tano, usianze kukata na kuunga.

Makaratasi

Hapa hakuna la umeme, ni yale ya kila gari. Kadi ifanane na chesisi na jina la anayeuza, deni la faini za trafiki liangaliwe kwa namba ya gari, bima ihakikiwe, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA kwa TIN yako. Andika kwenye mkataba AHr, SOH na kilomita za siku ya mauzo, na ambatisha picha. Dhamana ya betri ya 40 huko Japani ilikuwa miaka 8 au kilomita 160,000, lakini usimlipe mtu kwa ajili yake. Imebaki hukohuko.

Bei ipange kwa uniti zilizobaki, si kwa mwaka wa gari. Jiulize safari yako. Mkazi wa mtaa wa Kisasa anayefanya kazi Mtumba hatembei zaidi ya kilomita 40 kwa siku. Hata betri ya 24 iliyobaki na asilimia 70 itamfikisha na kumrudisha, ingawa hatapumua sana. Betri ya 40 yenye SOH ya 80 inatoa kilomita 180 hivi kwa mwendo wa 80. Morogoro ni kama 260, Singida kama 240. Kwa Dar, tangu 2024 treni ya SGR ipo, liache gari nyumbani.

Wiki ya kwanza

Kwa kuwa hujui lolote kuhusu sevisi, chukulia hakuna iliyowahi kufanyika. Badilisha oili ya gia boksi kwa Nissan Matic S. Inaingia kidogo zaidi ya lita moja, na ikitoka nyeusi yenye unga wa chuma mwingi kwenye sumaku ya nati, beringi zinalalamika. Badilisha oili ya breki. Fungua magurudumu uangalie diski na kalipa: breki za Leaf hazitumiki sana kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, hivyo kalipa hukwama kwa kutu pedi zikiwa bado nene. Angalia maji ya kupozea mota na chaja. Filta ya hewa ya ndani ibadilishwe. Vumbi la Dodoma kati ya Juni na Novemba linaijaza haraka.

Nyumbani usichajie kwenye soketi ya sebuleni. Plagi ya kawaida ikibeba ampea 10 kwa saa saba mfululizo kila usiku huyeyuka, na chanzo huwa skrubu iliyolegea kuliko gari lenyewe. Mwite fundi umeme avute waya wa milimita 4 kutoka kwenye bodi, na breka yake ya ampea 16, soketi ya viwandani ya bluu ya ampea 16, na apime earth kwa kifaa. Earth mbovu Leaf huikataa, na ina haki.

Kuongeza kutoka 30 hadi 80 kwenye betri tuliyoipima kunachukua uniti kama 17 na saa saba hivi. Kwa tarifu ya kawaida ya takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama elfu sita. Aliyeko kwenye tarifu ya matumizi madogo isiyozidi uniti 75 kwa mwezi ajue ataivuka, na bei ya uniti zinazozidi itapanda kwa zaidi ya mara mbili.

Usijaze 100 bila safari. Usiliache juani likiwa limejaa, hasa Oktoba na Novemba. Mwarobaini mmoja wenye kivuli kizuri ni bora kuliko dawa yoyote ya betri utakayouziwa. Na redio yake ya Kijapani inaishia FM 95, kwa hiyo kama stesheni yako iko juu ya hapo, tenga pesa ya redio nyingine.